Kompyuta Kuukuu na Mchezo wa Mbio za Magari

Je, umewahi kumwona kijana ameketi mbele ya kompyuta, mwili wote unalala kulia, halafu unalala kushoto, kama abiria wa basi kwenye kona za mlimani? Hajapagawa. Anaendesha gari. Gari lenyewe halipo, liko ndani ya kioo cha kompyuta tu. Lakini jasho linalomtoka ni la kweli.

Michezo ya namna hii iko ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya kujifurahisha. Gari likigonga ukuta linarudi barabarani, safari inaendelea. Aina ya pili ni ile inayoiga uendeshaji wa kweli. Hapa kompyuta hupiga hesabu ya kila tairi: limebeba uzito gani, limeshika barabara kiasi gani, limeanza kuteleza au bado. Ukikanyaga breki kwa nguvu katikati ya kona, gari linazunguka kama pia. Ukikosea gia, wenzako wanakupita. Hakuna kuonewa huruma.

Leo tunazungumza juu ya aina hiyo ya pili, na tunazungumza na mwenye kompyuta ya zamani. Kompyuta nyingi zinazofika vijijini kwetu zimekwisha kutumika kwingine. Ni kama baiskeli ya mtumba. Inakwenda vizuri, lakini lazima ujue inaweza kubeba nini.

Yaliyotupata sisi

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kikundi kina kompyuta mpakato, ile watu wanaiita laptopu. Ilitengenezwa mwaka 2010. Humo tunaweka hesabu za hisa na mikopo. Basi mwaka jana, baada ya mauzo ya ufuta, mpwa wangu alinijia jioni. Akasema, "Shikamoo mjomba. Naomba uniazime kompyuta siku mbili. Nakwenda mjini kuwekewa mchezo wa Safari Rally." Huyu ni dereva wa bodaboda, na mbio za magari anazipenda kuliko mpira. Nikampa. Hilo ndilo kosa la kwanza, maana kompyuta haikuwa yangu.

Huko mjini fundi mmoja akamwekea mchezo mpya wa mbio za rali. Ukafunguka? Wapi! Kioo kikawa cheusi, yakatokea maneno machache ya Kiingereza, mchezo ukajifunga. Fundi akasema kumbukumbu ya kompyuta ni ndogo, nunua nyingine tuongeze. Mpwa wangu akanunua. Mchezo haukufunguka. Fundi akaleta nakala nyingine kwenye flashi, nakala ya wizi. Nayo haikufunguka, tena hiyo ikaingiza virusi. Nilipotaka kufungua hesabu za kikundi, mafaili yote hayaonekani.

Tulipona kwa sababu katibu wetu, mama mmoja makini sana, alikuwa bado anaandika kila kitu kwenye kaunta buku. Tuliketi naye siku tatu tukaingiza hesabu upya. Wanachama walinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Na pesa za ufuta za kijana hazikurudi.

Baadaye tulimwomba mwalimu mmoja wa sekondari atusomee yale maneno ya Kiingereza. Yalisema kwamba kadi ya picha ya kompyuta hii haiwezi DirectX 11. Hiyo DirectX ni kama lugha. Mchezo unaitumia kuiambia kadi ya picha ichore nini. Kadi yetu inaishia DirectX 10. Mchezo ulizungumza lugha ambayo kadi haijui. Basi hata tungeongeza kumbukumbu gunia zima, usingefunguka. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kioo tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyelisoma.

Mizigo miwili

Tangu hapo nimejifunza mambo haya polepole, kwa kuuliza na kwa kujaribu. Kubwa nililojifunza ni kwamba mchezo wa gari huibebesha kompyuta mizigo miwili. Mzigo mmoja ni hesabu za gari: tairi, springi, injini, breki. Hizo hufanywa na prosesa, ambayo ndiyo kichwa cha kompyuta. Mzigo wa pili ni picha: barabara, miti, vumbi, vivuli. Hizo huchorwa na kadi ya picha. Mashine hizi mbili hazilingani nguvu. Katika laptopu nyingi za zamani prosesa ina nguvu ya kutosha, lakini kadi ya picha ni dhaifu.

Na kumbukumbu je? Hiyo ni kama jamvi la kuanikia nafaka. Jamvi likiwa dogo, nafaka nyingine inabaki kwenye gunia, kazi inachelewa. Kulipanua kunasaidia. Lakini kupanua jamvi hakumpi mtwangaji nguvu za mikono. Diski ndiyo ghala. Ghala kubwa linaweka michezo mingi, haliifanyi iende mbio.

Sasa watu wengi hufikiri kwamba mchezo mpya ndio unaoiga gari vizuri zaidi. Si lazima. Mwaka 1998 kampuni ya Papyrus ya Marekani ilitoa mchezo unaoitwa Grand Prix Legends. Unaiga magari ya Formula 1 ya mwaka 1967, wakati magari yale yalikuwa bado hayana mabawa ya kuyakandamiza chini. Kimoja cha viwanja vyake ni Kyalami, kule Afrika ya Kusini. Mchezo huo hupiga hesabu za gari mara 288 katika kila sekunde. Kompyuta za mwaka 1998 zilikuwa dhaifu kuliko simu nyingi za leo, na ziliweza. Ugumu wake ulikuwa kwa wachezaji. Wengi waliununua wakashindwa kumaliza hata mzunguko mmoja bila kuanguka. Mmoja wa waanzilishi wa Papyrus, Dave Kaemmer, alishirikiana na mwenzake mwaka 2004 kuanzisha iRacing, ambayo madereva wa kweli wa mashindano huitumia kujifunzia viwanja.

Kilichoongezeka sana tangu wakati huo ni picha. Siku hizi utaona mng'aro wa jua kwenye bati la gari, matone ya mvua kwenye kioo, kila jani na kivuli chake. Hesabu za tairi nazo zimeongezeka, hatukatai. Lakini kinachoangusha kompyuta kuukuu mara nyingi ni picha. Kwa hiyo mwenye kompyuta ya zamani hakosi uendeshaji wa kweli. Anakosa mapambo.

Jambo moja zaidi hapa. Picha za mchezo huchorwa moja moja, kwa haraka, mpaka macho yanaona zinatembea. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde. Mchezo wa gari ukitoa picha 60 kwa sekunde ni vizuri sana, 30 unavumilika. Chini ya hapo gari linaruka kama chura. Unakata usukani, lakini unaona jibu lake umekwisha ingia mtaroni. Kwa mchezo wa drafti haina neno. Kwa gari ni ajali kila kona.

Soma kompyuta yako kwanza

Kama kompyuta yako ni ya Windows, fanya hivi. Bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha, usikiachie, ubonyeze na herufi R. Kitatokea kisanduku kidogo. Andika dxdiag, halafu bonyeza kitufe cha Enter. Kompyuta itakuonyesha habari zake zote. Penye neno "Processor" utaona jina la prosesa. Penye "Memory" utaona kiasi cha kumbukumbu. Ukifungua ukurasa ulioandikwa "Display" utaona jina la kadi ya picha. Yaandike yote kwenye daftari.

Ukurasa wa kwanza pia una mstari wa DirectX, na huenda ukaona namba 11 au 12. Usifurahi haraka! Hiyo ni namba ya Windows, si ya kadi yako. Katika Windows 10, namba za kadi ziko kwenye ule ukurasa wa "Display", penye maneno "Feature Levels". Namba iliyo kubwa kupita zote pale ndiyo mwisho wa kadi yako. Kadi za Intel HD zilizokuwa ndani ya prosesa za mwaka 2010 zinaishia 10. Zile za Intel HD 4000, za mwaka 2012, zinafika 11. Miaka miwili tu, lakini ndiyo tofauti ya mchezo kufunguka na kugoma.

Jina la prosesa nalo linaweza kukudanganya. Fundi atakuambia, "Mchezo unataka i5, na kompyuta yako ni i5, mzee, wasiwasi wa nini?" Tazama namba zinazofuata. Mchezo wa Assetto Corsa Competizione, wa mwaka 2019, katika mahitaji yake ya chini unataka i5-4460, ambayo ni prosesa ya kompyuta ya mezani yenye viini 4 vya kupiga hesabu. Kompyuta yetu ni i5-520M ya mwaka 2010, na ina viini 2. Zote zinaitwa i5, kama vile Toyota Hilux ya miaka ile na ya leo zote zinaitwa Hilux. Mchezo huo unataka pia nafasi ya gigabaiti 50 kwenye diski. Kwetu ulikuwa haufai kwa kila upande.

Ukisoma mahitaji ya mchezo utakuta safu mbili. Safu ya kwanza ni mahitaji ya chini. Maana yake mchezo utafunguka. Hawakuahidi kwamba utakwenda vizuri. Safu ya pili ni mahitaji yanayopendekezwa. Wewe chagua mchezo ambao kompyuta yako inafika safu ya pili, usining'inie kwenye ya kwanza. Kwa kukisia haraka, mimi hutazama miaka. Mchezo uliotoka miaka mitatu au minne kabla ya kompyuta kutengenezwa, mara nyingi unakwenda bila matata.

Sasa, mchezo upi?

Kwa kuanza, nasema Live for Speed. Ulianza kutolewa mwaka 2002 na 2003, na uliundwa na watu watatu tu. Una sehemu ya bure ambayo unaipakua kutoka kwao wenyewe, si nakala ya wizi. Hiyo sehemu ya bure ina uwanja mmoja unaoitwa Blackwood na magari matatu. Usione ni machache. Gari moja linavutwa na tairi za mbele, lingine linasukumwa na tairi za nyuma, na la tatu ni gari dogo la wazi la mashindano. Ukiyaweza yote matatu umejifunza mengi. Ndani yake kuna mafunzo ya kukanyaga breki na kukata kona. Tena unaweza kushika usukani kwa kipanya cha kompyuta, nacho ni chepesi kuliko vitufe, kwa sababu kitufe hakijui kukata kidogo. Usukani wa kuchezea usinunue kwanza. Bei yake inapita ya michezo mingi, na utajutia kama mchezo hukuupenda.

Mingine ya bure kabisa ni TORCS, iliyoanzishwa mwaka 1997, na Speed Dreams, iliyozaliwa kutokana na TORCS. Hii hata mashine ya programu ya Linux inaicheza.

Ukiwa na pesa kidogo, iko rFactor ya mwaka 2005, GTR 2 ya mwaka 2006 na RACE 07 ya mwaka 2007. Hizo mbili za mwisho ni za kampuni ya SimBin ya Sweden. GTR 2 ina shule ya udereva ndani yake, na mbio ndefu zinazoanza mchana zikaingia usiku. Mimi katika hizo tatu ningechukua GTR 2. Hununuliwa katika duka la intaneti liitwalo Steam. Duka hilo lina utaratibu mzuri: ukiomba fedha zako ndani ya siku 14, na kama hujacheza zaidi ya saa 2, unarudishiwa. Hizo saa 2 ndizo za kupima kama kompyuta inauweza mchezo. Lakini tangu Januari 1, 2024, Steam haihudumii tena kompyuta za Windows 7 wala Windows 8. Mwenye Windows 7 asitume pesa huko.

Assetto Corsa ya mwaka 2014, kutoka Italia, ndiyo ninayoiona kama mpaka. Inataka kumbukumbu ya gigabaiti 2, diski gigabaiti 15, na kadi inayofika DirectX 10.1. Kompyuta yetu imeikosa kwa hiyo pointi moja. Ya mwaka 2012 yenye kadi ya Intel HD 4000 inaweza kuifungua, ila mapambo uyazime.

Na wapenda rali je? Hapa ndipo penye kiu ya mpwa wangu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilitoka katika mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021, na sasa madereva hukusanyika Naivasha. Michezo mipya yenye Safari ni WRC 9 ya mwaka 2020 na EA Sports WRC ya mwaka 2023. Kompyuta kuukuu isiiguse. Lakini mchezo wa Colin McRae Rally 2.0, wa mwaka 2000, una barabara za Kenya ndani yake. Umepewa jina la dereva wa Uskoti aliyeshinda Safari mwaka 1997, 1999 na 2002. Hauigi gari kwa ukali wote, uko katikati ya aina zile mbili.

Unaoiga kwa ukali ni Richard Burns Rally wa mwaka 2004. Huyu Burns, Mwingereza, alishinda Safari mwaka 1998 na 2000, akawa bingwa wa dunia mwaka 2001, akafariki mwaka 2005 akiwa kijana bado. Mchezo wake hauna Safari. Una Uingereza, Ufaransa, Finland, Japani, Marekani na Australia. Lakini wajuzi wengi mpaka leo wanausifu kwa jinsi gari linavyotembea kwenye changarawe. Kwa vitufe ni mateso, nakuonya mapema.

Michezo hii miwili haiuzwi tena madukani ikiwa mipya. Hutafutwa CD iliyotumika. Na hapo kuna mtego. CD nyingi za michezo ya miaka ile zilifungwa kwa kufuli la SafeDisc. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, inalikataa kufuli hilo, na mchezo hauendi ingawa kompyuta ina nguvu tele. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama CD hiyo imejaribiwa kwenye Windows kama yako, na uione ikicheza kwa macho yako.

Mchezo ukiwa mzito

Umeweka mchezo, unafunguka, lakini unakokota. Usikimbilie dukani. Ingia kwenye mipangilio ya mchezo, upunguze ukubwa wa picha, kwa mfano mpaka 1280 kwa 720 au hata 800 kwa 600. Ukiona mchezo umechangamka, mgonjwa alikuwa kadi ya picha. Basi zima na vivuli, zima mng'aro, zima vioo vya pembeni. Ukiona hakuna badiliko, mgonjwa ni prosesa. Hapo punguza magari ya washindani. Kila gari linaloendeshwa na kompyuta lina hesabu zake. Ukitoka washindani 20 ukabaki na 6, utaona nafuu kubwa.

Tazama pia joto. Laptopu ikipata joto sana hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Usiiweke juu ya blanketi au godoro, kwa maana inavuta hewa kwa chini. Iweke juu ya meza au ubao. Vumbi la kwetu huziba feni, kwa hiyo mwambie fundi aifungue na kuisafisha. Na wakati wa kucheza ichomeke kwenye umeme, kwa sababu ikitumia betri peke yake huwa inabana nguvu. Kwa mwenye umeme wa jua: mchezo wa gari unakula betri kuliko kuandika barua, acheze mchana jua likiwaka.

Kikundi chetu kilifanya kikao juu ya jambo hili. Wengine walitaka mchezo upigwe marufuku. Mwishowe tulikubaliana hivi. Hesabu zinakiliwa kwenye flashi ya katibu kila Jumamosi, na flashi hiyo haichomekwi kwenye kompyuta nyingine yoyote. Mchezo unaruhusiwa Jumapili alasiri, na hauingizwi mwingine mpaka mimi na katibu tuwe tumeyasoma mahitaji yake. Kaunta buku haijastaafu.

Mpwa wangu sasa anacheza Live for Speed, ile ya bure. Ule mzunguko wa Blackwood, kwa gari la tairi za mbele, anaumaliza kwa dakika 1 na sekunde 41, na ameandika muda huo kwa chaki ukutani kwangu bila kuniomba ruhusa. Hiyo CD ya McRae bado anaitafuta. Mimi sijaweza kumaliza mzunguko hata mmoja bila kuingia kwenye majani.